Treni Iliyopanda Mpaka Uyole

Kitendawili!

Nimewasikia mkiitikia "tega", hata wale waliokaa nyuma wanaojifanya wamekua. Haya, sikilizeni: ni nyumba ya reli, lakini mji wake hauna reli.

Karakana? Siyo. Stesheni? Siyo, stesheni bila reli ni stoo. Mmeshindwa, nipeni mji. Dar es Salaam siutaki, una treni tele. Dodoma siutaki, wenyeji wake siku hizi wanaringa na treni ya umeme. Nipeni Mbeya. Hapo sawa. Nimekwenda Mbeya, nimekula ndizi za Tukuyu, nimekunywa maziwa ya Uyole, nimeshiba, sasa natoa jibu: ni Hoteli ya Mbeya, ile iliyo karibu na Uwanja wa Sokoine.

Hoteli ile ilikuwa mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Watu wa reli walilaza wageni wao pale miaka mingi kabla mlio wa treni haujasikika Mbeya. Mnacheka? Lakini ndivyo ilivyokuwa, na ukitaka kujua kwa nini wazee wa Mbeya na Iringa wakisikia habari za treni huacha kila walichokuwa wakifanya wakaanza kusimulia, lazima uanzie hapo, kwenye miaka ya kuwa na hoteli ya reli bila reli.

Enzi hizo nchi yetu ilikuwa na reli ya Tanga na Reli ya Kati. Hii ya Kati Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Nyanda za Juu Kusini zikabaki kando. Si kwamba huku hapakuwa na mali. Kulikuwa na kahawa ya Mbozi, chai ya Mufindi na Tukuyu, na katika miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa kule Chunya ilivuta watu kutoka kila pembe. Shirika la reli likaona kwamba kama treni haifiki kusini, basi malori na mabasi yake yatafika. Mengine yalitoka Itigi yakapita Chunya, mengine yalitoka Dodoma yakapita Iringa hadi Mbeya. Watu wakayaita mabasi ya Relwe. Ulikata tiketi kwa watu wa reli, ukapanda gari la watu wa reli, ukala vumbi la barabara kutwa nzima, ndipo ukaiona reli yenyewe.

Chukueni ramani muone adha ile. Mtu wa Iringa aliyetaka kwenda Dar es Salaam kwa treni alianza kwa kwenda kaskazini, zaidi ya kilomita 250, hadi Dodoma. Akifika huko ndipo apande treni ya kushuka pwani. Yaani anakwenda mashariki kwa kuanza kuelekea kaskazini, na analipa nauli ya kote kuwili.

Wakoloni waliliona jambo hili. Mwaka 1952 ilitoka ripoti kubwa ya wahandisi waliotumwa kupima kama inafaa kujenga reli ya kuunganisha Tanganyika na Rhodesia Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mojawapo ya kampuni zilizofanya kazi hiyo ilikuwa ya Sir Alexander Gibb, Mskoti mwenye sifa kubwa ya uhandisi. Jibu lao lilikuwa kwamba reli hiyo haitalipa. Mwaka 1964, Zambia na Tanzania zikiwa huru, Benki ya Dunia nayo ikasema hivyo hivyo: haitalipa. Mkumbuke neno hilo. Watu wenye kalamu na mahesabu walikuwa wameshaamua kwamba Mbeya itaendelea kuwa na hoteli ya reli na basi.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa chai wala kahawa, kilikuwa shaba. Zambia ni nchi isiyo na bahari, na shaba yake ilipita kusini kwa reli ya Rhodesia hadi bandarini. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao wenyewe, uhuru wa wachache, na Zambia ikajikuta inamtegemea adui kwa kila lori la mafuta na kila tani ya shaba. Rais Kenneth Kaunda alihitaji mlango mwingine. Mwalimu Nyerere alikuwa nao, Dar es Salaam. Tatizo lilikuwa njia ya kufika mlangoni.

Nchi za Magharibi zilikataa kuijenga. China, ambayo wakati huo yenyewe ilikuwa maskini, ikakubali. Septemba 1967 mkataba ulitiwa saini Beijing: China itatoa mkopo wa yuan milioni 988, bila riba, ulipwe kwa miaka 30. Oktoba 1970 jiwe la msingi likawekwa. Ndiyo hiyo tunayoiita TAZARA, na ambayo wazee wengi hadi leo wanaiita Reli ya Uhuru.

Hapa nataka niwaonyeshe kitu kimoja cha ajabu. Miaka ile ile ambayo huku vijana wanatoka na majembe kupasua milima, Uingereza ilikuwa inang'oa reli zake. Mwaka 1963 ilitoka ripoti ya Dakta Richard Beeching iliyosema stesheni nyingi hazilipi, zifungwe. Neno lile lile! Uskoti iliumia sana. Januari 1969 walifunga reli nzima iliyotoka Edinburgh kwenda kusini kupitia milima ya mpakani, na miji midogo ya njiani ikabaki bila treni. Nchi iliyowapa Waafrika Mashariki vichwa vya treni (maana katika miaka ya 1950 kiwanda cha North British cha Glasgow kiliunda vichwa vya mvuke vya shirika letu la reli, vikapewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki) ilikuwa inafunga, na sisi tuliokuwa tukipanda basi la reli tulikuwa tunafungua.

Sasa tuingie kazini. Kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba ni kilomita 502, na sehemu kubwa ni tambarare na bonde la Kilombero. Reli ilifika Mlimba Novemba 1971, mwaka mmoja na kidogo tangu kuanza. Halafu ukaja ukuta. Kati ya Mlimba na Makambako ni kilomita 157 tu, lakini ndizo zilizowatoa watu jasho na damu. Treni si basi, wanangu. Basi linapanda mlima wa Kitonga kwa kunguruma na kuzunguka kona, lakini magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Njia inayopanda mita mbili kwa kila mita mia, ambayo nyinyi mkitembea hamtaisikia hata kwenye magoti, kwa treni ni mlima mkali. Ndiyo maana reli haikupita Iringa mjini. Wahandisi waliifuata njia ya Kilombero, wakatafuta mahali ambapo mlima ungekubali kupandwa polepole, na mahali hapo palitokea Makambako. Watu wa Iringa mjini waliumia kidogo, na wakiulizwa leo bado wanaumia kidogo. Lakini Makambako wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, maana Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012 tu, kwa hiyo wakasema stesheni ni yetu, na hawakukosea.

Katika kilomita hizo 157 yalichimbwa mahandaki 18 na kujengwa madaraja 46. Daraja la Mto Mpanga linasimama juu ya nguzo zenye urefu wa karibu mita 50. Kazi ilipopamba moto, Waafrika waliofanya kazi kwenye reli yote walikuwa zaidi ya 30,000, na Wachina zaidi ya 13,000. Vijana wengi walitoka Jeshi la Kujenga Taifa na Umoja wa Vijana wa TANU. Wachina waliishi kambini, wakilima bustani zao za mboga, na walifundisha kwa vitendo: Mchina anashika nyundo, kijana anatazama, kijana anashika nyundo, Mchina anatazama. Kiswahili kilikuja baadaye. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika ujenzi, na kuna makaburi yao Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Watanzania na Wazambia nao walikufa, na wengi wao hawana jiwe lenye majina yao mahali pamoja ambapo mngeweza kupelekwa na mwalimu mkasome.

Agosti 1973 reli ilifika Tunduma, mpakani. Juni 1975 ikafika mwisho wake, New Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka baharini. Tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia. Na mahali pa juu kuliko pote katika safari hiyo yote, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, si Zambia wala si Mufindi. Ni Uyole, pale pale kwenye maziwa niliyokunywa. Kila treni inayokwenda Zambia lazima ikaipigie Mbeya magoti kwanza.

Basi tusafiri. Maana tarehe mtazisoma vitabuni, lakini harufu ya behewa haimo vitabuni.

Tuseme ni mwaka 1982. Una miaka kumi na minne, unasoma bweni Dar es Salaam, shule zimefungwa, unarudi kwenu Mbeya. Wakati ule serikali ilikuwa inapeleka wanafunzi mbali na kwao kwa makusudi, Mnyakyusa asome na Mzaramo, Mhehe asome na Mhaya, ili tuwe taifa moja. Nauli huna, una waranti, karatasi ya serikali inayosema mwanafunzi huyu abebwe. Una tranka la bati lenye kufuli, na ndani ya tranka umeweka sabuni mbili za zawadi kwa mama, kwa sababu vita ya Kagera imekwisha juzi tu na sabuni dukani imekuwa hadithi.

Stesheni ya TAZARA ya Dar es Salaam ni jengo kubwa mno, ukumbi wake unameza sauti. Treni inaondoka alasiri. Daraja la kwanza vyumba vina vitanda vinne, daraja la pili vitanda sita, wanaume kwao na wanawake kwao. Wewe na waranti yako mnakwenda daraja la tatu, mnakaa, na mkichelewa mnasimama. Msiwahurumie sana watu wa daraja la tatu. Huko ndiko kulikokuwa na hadithi, karata, watoto wa watu wanaolala mapajani mwako bila ruhusa, na bibi mmoja ambaye ana kuku chini ya kiti na anaapa kwa mkagua tiketi kwamba hana.

Jua linapozama mnapita kwenye Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Twiga wanainua vichwa. Mtu anapiga kelele "tembo!", behewa zima linahamia upande mmoja, na kumbe ni kichuguu. Usiku unaingia. Mang'ula, Ifakara, stesheni moja baada ya nyingine, taa za kandili zinatembea kando ya treni zikiwa na sauti za watu chini yake: wali, samaki, ndizi, maji. Hamwoni uso wa muuzaji. Mnaona mkono, mnatoa hela, mkono unatoa chakula, treni inaanza kusogea, na chenji yako inakimbia nayo kandokando ya reli hadi kiganja chako kiipate. Mara nyingi iliipata. Wauzaji wale walikuwa na mbio.

Hapo njiani mtasimama mahali pasipo na sababu inayoonekana. Nusu saa, saa nzima. Usikasirike, sababu ipo. Reli hii ni ya njia moja, na treni mbili zikikutana ni kama watu wawili waliokutana juu ya daraja la gogo: mmoja lazima arudi pembeni ampishe mwenzake. Pembeni hapo ni stesheni. Stesheni masta wa huku anaongea kwa simu na stesheni masta wa kule, wanakubaliana nani aje na nani angoje, na treni ya shaba ikishapita na mzigo wake mzito, ndipo bendera ya kijani, au taa ya kijani usiku, inapowaruhusu. Stesheni ndogo iliyo porini, ambayo abiria anaiona haina kazi, ndiyo iliyozuia treni mbili zisigongane. Stesheni masta wa mahali kama Uchindile alikuwa mtu mzito kuliko mkuu wa shule.

Alfajiri ndiyo milima. Mtu mzima mmoja anaamka na kusema, fungeni madirisha, mahandaki yanakuja. Watoto hawasikii. Giza linaingia ghafla, kelele ya magurudumu inarudi masikioni mara mbili, moshi wa dizeli unajaa behewa, kuku wa bibi anapiga mabawa na siri yote inavuja. Halafu mwanga. Mnatazama chini mnaona bonde na ukungu, na daraja mlilokuwa juu yake dakika chache zilizopita limekuwa dogo nyuma yenu. Halafu giza tena. Watoto walijaribu kuyahesabu mahandaki yale, na kila mtoto alifika na hesabu yake.

Nisiwadanganye, huo moshi haukuwa wa makaa wala kuni. TAZARA ilianza na vichwa vya dizeli kutoka China, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikaja vya Krupp kutoka Ujerumani kwa sababu vile vya kwanza vilihema sana kwenye milima hii hii niliyowaeleza. Kwa hiyo babu yenu wa Makambako akiwaambia aliona treni ya TAZARA ikitoa mvuke mweupe na cheche, mwacheni amalize hadithi yake, halafu mwulizeni kwa heshima kama hakuwa ameiona Dodoma.

Makambako asubuhi! Baridi inaingia hata kwenye tranka. Hapa reli inakutana na barabara kuu ya Zambia, na barabara ya Njombe na Songea inaanzia hapa, kwa hiyo nusu ya kusini yote ilishukia hapa. Kabla ya reli palikuwa kijiji kidogo. Reli ndiyo iliyopafanya mji. Wanawake wa Kibena na Kikinga wamejifunga mablanketi, "kamwene, kamwene", mahindi ya kuchemsha yanafuka mvuke, viazi, maharage, chai ya maziwa. Wakubwa wanatafuta ulanzi, nyinyi mnapewa togwa. Abiria wanaotoka pwani na mashati ya mikono mifupi wanatetemeka na kununua bila kupunguziwa bei, na wenyeji wanalijua hilo vizuri.

Kulikuwa pia na treni ya karibu iliyotembea kati ya bonde la Kilombero na Makambako, wenyeji wakaiita kipisi. Watalii hawaijui hiyo, na vitabu vingi haviitaji, lakini mimi nadhani ndiyo iliyobadilisha maisha ya watu kuliko ile ndefu. Ilisimama kila mahali. Mama wa Mlimba alipanda na mikungu ya ndizi na mchele, akauza Makambako kwenye baridi ambako ndizi hazistawi, akarudi na viazi na maharage kuuza bondeni kwenye joto. Hakuwa na lori, hakuwa na mkopo wa benki. Alikuwa na tiketi. Mtaalamu wa historia Jamie Monson, aliyeandika kitabu kuhusu reli hii mwaka 2009, alikwenda kuwasikiliza watu wa aina hiyo, na kitabu chake kinawapa nafasi kubwa wao kuliko marais. Wale waliosema reli haitalipa hawakuwa wamemhesabu mama huyo.

Baada ya Makambako njia inashuka kwenye tambarare ya Usangu. Rujewa, Chimala, Igurusi, nchi ya mchele, ng'ombe wengi. Halafu inaanza kupanda tena, upande mmoja Milima ya Uporoto, mpaka Uyole, na kutoka hapo unaanza kupanga mizigo mlangoni. Mbeya mchana. "Ughonile!" Mtu amekuja kukupokea tangu asubuhi, na hakuna simu ya kumwambia umechelewa, kwa hiyo amekaa tu. Stesheni ya Mbeya iko nje ya mji, kwenye barabara ya kwenda Tunduma, na watu waliokuwa wakingoja pale walijuana, wakaazimana mwavuli, wakapeana habari, na najua ndoa ambazo zilianzia kwenye mabenchi yale ya kungoja.

Sasa niseme ukweli ambao wazee wenzangu hawatanishukuru. Treni ile ilichelewa. Ilichelewa wakati ule pia. Mvua ziliporomosha udongo juu ya njia, vichwa viliharibika, na mwaka 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la Chambeshi, Zambia, mizigo ikalala. Wakati wa ujenzi na baada yake kuna vijiji vilivyohamishiwa kando ya reli watu wakipenda wasipende. Daraja la tatu lilikuwa na kunguni. Mtu anayekuambia kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri ameamua kukumbuka kuku wa bibi na kusahau kunguni.

Lakini mwulize swali la pili: basi kwa nini unaikumbuka? Akijibu vizuri atakuambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa kusini kwenda popote bila kumwomba mtu wa kaskazini njia. Mtoto wa Tukuyu alifika baharini kesho yake. Viazi vya Makambako vilifika navyo. Kwa sisi tuliozaliwa karibu na hoteli ya reli isiyo na reli, hilo halikuwa jambo dogo.

Baadaye ilidhoofika. Barabara ya lami na malori viliichukulia mizigo, Afrika Kusini ikawa huru na shaba ikapata bandari nyingine, vipuri vikakosekana. Reli iliyojengwa ibebe tani milioni mbili kwa mwaka, katika mwaka wa 2014/15 ilibeba tani 88,000 tu. Stesheni ndogo zikanyamaza, nyasi zikaota katikati ya mataruma ya zege. Wazee waliposema "zamani", walimaanisha siku ambazo benchi la stesheni lilikuwa na watu.

Hatuko peke yetu katika hamu hii. Reli ya kusini-mashariki, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa kabisa. Kule Mtwara wazee wanawaonyesha watoto mahali ilipopita. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu mwaka 1971. Na Waskoti niliowataja, baada ya kulia miaka mingi, waligeuza kilio kuwa kazi. Mmeona filamu za Harry Potter, treni inapita juu ya daraja refu lenye matao? Hilo ni daraja la Glenfinnan, lina matao 21, na stesheni iliyo karibu nalo imefanywa makumbusho. Ile reli ya mpakani iliyofungwa mwaka 1969 sehemu yake ilijengwa upya, na Septemba 2015 treni zikarudi. Kilichosemwa hakilipi kikaonekana kinalipa, miaka 46 baadaye, kwa gharama kubwa zaidi. Hata huku kwetu, tangu mwaka 1993 treni ya kifahari ya Rovos Rail imekuwa ikitoka Cape Town hadi Dar es Salaam kupitia Mbeya, na Wazungu wanalipa maelfu ya dola ili wapite polepole kwenye mahandaki yale yale ambayo sisi tuliyapita kwa waranti.

Na ya kwetu haijafa. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya China ya CCECC, wa miaka 30, wenye uwekezaji wa dola bilioni 1.4, ili reli ifufuliwe. Nimefurahi, ingawa nina wasiwasi mmoja. Mafundi wakija, wanakuja na rangi mpya, mabenchi mapya, vibao vipya. Hawana kosa, ndiyo kazi yao. Lakini vile vya zamani vitakwenda wapi, na nani atakumbuka nani alikaa wapi?

Kwa hiyo nawaomba jambo moja, hasa nyinyi mnaokaa Makambako, Rujewa, Chimala, Igurusi, Iyunga na Vwawa. Likizo hii chukueni daftari. Mtafuteni mzee aliyekuwa fundi wa njia, au mama aliyepanda kipisi na ndizi zake, au bibi aliyemlaza mtoto wake kwenye benchi la Mbeya akingoja treni ya usiku. Mwulizeni aliuza nini, kwa bei gani, alimngoja nani, na treni ilichelewa kiasi gani. Andikeni kama anavyosema, na majina ya stesheni myaandike yote, hata zile ambazo treni haisimami tena. Mkitaka kupiga picha, ombeni ruhusa kwa stesheni masta kwanza.